Lugha za Kompyuta na Ahadi Zisizotimizwa

Ofisi nyingi za Serikali hapa Visiwani, ziwe za ardhi, za kodi, za afya au za viinua mgongo, ama zimekwisha kuingiza shughuli zao katika kompyuta au zimo mbioni kufanya hivyo. Jambo hilo ni jema, nasi hatuna ugomvi nalo. Daftari la karatasi huliwa na mchwa, hurowa mvua za masika, na likikosekana siku ambayo mwananchi analihitaji, hukosekana pamoja na haki yake.

Lakini lipo neno moja ambalo limekuwa likitukera kwa muda. Kila mara mkandarasi anapofika kueleza mfumo anaotaka kuuza, huja na jina la lugha mpya ya kompyuta, au la kiunzi kipya cha kujengea programu, na hulitaja jina hilo kama mganga anavyoitaja dawa yake. Husema kwamba kwa chombo hicho kazi ya miaka miwili itakwisha kwa miezi miwili. Kwamba mafundi wengi hawatahitajika tena. Kwamba mfumo ukishawekwa hautaguswa mpaka watoto wetu wazeeke. Maofisa husikiliza, hutikisa vichwa, na mara nyingi hutia saini. Tumeona yafaa leo tuitazame historia ya ahadi hizi, kwa kuwa ni ndefu na imeandikwa, na kwa kuwa ahadi isipotimizwa anayelipa si muuzaji.

Kwa faida ya msomaji ambaye mambo haya si kazi yake, tueleze kwa ufupi. Kompyuta yenyewe haijui lugha yoyote ya binadamu. Inachokijua ni alama mbili tu, sifuri na moja, zilizopangwa kwa maelfu na maelfu. Mwanzoni mafundi walilazimika kuiamrisha kwa namba tupu, kazi iliyochosha akili na iliyojaa makosa. Ndipo zikabuniwa lugha za kati: mtu huandika amri zake kwa maneno na alama anazoweza kuzisoma, na programu maalumu huzitafsiri amri hizo kuwa namba. Hizo ndizo lugha za programu. Kiunzi nacho ni hatua ya juu yake. Ni kama nyumba ambayo miti yake imekwisha kusimamishwa na fito kufungwa, fundi akabakiwa na kazi ya kukandika udongo na kutia milango. Anayejenga juu ya kiunzi cha mwenzake hupata wepesi mkubwa. Pia hurithi kila mti uliooza uliomo ndani yake.

Ahadi kubwa ya kwanza ilitolewa mwaka 1954. Kundi la wataalamu wa kampuni ya IBM nchini Marekani, likiongozwa na John Backus, lilitoa taarifa ya awali juu ya FORTRAN, lugha waliyokuwa wakiitengeneza kwa ajili ya hesabu za kisayansi. Taarifa hiyo ilisema kwamba lugha hiyo itaondoa karibu kabisa kazi ya kuandika msimbo na ile ya kusaka kasoro zake. Lugha ilitoka mwaka 1957, na twasema kwa haki kwamba ilikuwa kazi kubwa na njema. Wataalamu wa hali ya hewa wangali wakiitumia hata leo. Lakini kusaka kasoro hakukuondoka. Kuliongezeka, kwa sababu watu sasa waliweza kuandika programu ndefu zaidi, na programu ndefu huwa na maficho mengi.

Mwezi Mei 1959 wawakilishi wa Serikali ya Marekani, wa watengenezaji wa kompyuta na wa wateja wao walikutana Pentagon, makao ya Idara ya Ulinzi, wakaanza kazi ya kutunga lugha moja kwa shughuli za ofisi na biashara. Miongoni mwa misingi waliyoitumia ilikuwamo FLOW-MATIC, lugha iliyotungwa chini ya uongozi wa Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa Jeshi la Majini. Zao la kazi hiyo ni COBOL. Amri zake ziliandikwa kwa vitenzi vya Kiingereza cha kila siku, kama vile ongeza, zidisha, hamisha, andika. Na matumaini yalikuwa kwamba mkuu wa idara asiyekuwa fundi ataweza kuisoma programu na kujua inafanya nini.

Wakuu wa idara hawakusoma. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana sababu yake si uvivu, ijapokuwa uvivu nao haukosekani maofisini. Sentensi moja ya COBOL inasomeka na yeyote ajuaye Kiingereza. Sentensi elfu hamsini zinazotegemeana hazisomeki hivyo, kama ambavyo kujua maana ya kila neno katika hati ya kesi hakumfanyi mtu kuwa hakimu. Lugha ilikuwa imelainisha maneno. Ugumu wa shughuli yenyewe ulibaki pale pale.

Baada ya hapo ukaja ugonjwa wa pili, nao ni kutaka lugha moja ifanye kila kazi. Katikati ya miaka ya 1960 IBM ilitengeneza PL/I, ikakusanya ndani yake hesabu za FORTRAN, mambo ya ofisi ya COBOL na mpangilio wa ALGOL, ili mwanasayansi na karani watumie chombo kimoja. Mtaalamu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1972, aliifananisha lugha hiyo na ndege ambayo rubani wake amewekewa vifungo na mikono 7,000. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda angani kutafuta mfano. Ngalawa huundwa kwa kuvulia ndani ya mwamba, na jahazi kwa kuchukua shehena. Ukimlazimisha fundi akuundie chombo kimoja kitakachovua mwambani na pia kuchukua karafuu mpaka Mombasa, utapata kinachokwama mwambani na kuzama katika Mkondo wa Pemba.

Idara ya Ulinzi ya Marekani ilijifunza nusu tu ya somo hilo. Katika miaka ya 1970 iligundua kwamba mitambo yake ilikuwa ikitumia lugha na lahaja za kompyuta zaidi ya 450, na kuzitunza zote kulikuwa kukila fedha. Dawa iliyoamuliwa ni kutunga lugha moja mpya. Kuanzia mwaka 1975 masharti yake yaliandikwa, yakasambazwa kwa wataalamu, yakarekebishwa na kuandikwa tena, na kila toleo likapewa jina gumu kuliko lililotangulia: Mtu wa Majani, Mtu wa Mbao, Mtu wa Bati, Mtu wa Chuma, na mwisho, mwaka 1978, Mtu wa Chuma cha Pua. Kundi lililoongozwa na Jean Ichbiah nchini Ufaransa lilishinda mwaka 1979, na lugha ikaitwa Ada, kwa heshima ya Ada Lovelace, Mwingereza wa karne ya 19 ambaye wengi humhesabu kuwa mwandishi wa kwanza wa programu. Mwaka 1987 ilitolewa amri ya kuitumia Ada katika mitambo ya ulinzi, na mwaka 1991 Bunge la Marekani likaitia amri hiyo nguvu ya sheria. Mwaka 1997 Idara yenyewe ikaifuta. Ulimwengu wa biashara ulikuwa umekwenda njia nyingine, na mafundi wa Ada wakawa ni wa kutafutwa. Lugha haikufa, kwani ingali ikiendesha ndege na mitambo ya hatari. Ila haikuwa ile lugha moja ya wote waliyoiota.

Na iko habari ya Ada ambayo kila ofisa anayetia saini zabuni angepaswa kuijua. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya nchi za Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Kifaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti. Programu ya chombo chake cha kuongozea ilikuwa imeandikwa kwa Ada, lugha iliyosifiwa kwa usalama kuliko zote. Haikutimia hata dakika moja, roketi ikageuka upande, ikavunjika na kujilipua. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba kipande cha programu kilichukuliwa kama kilivyo kutoka Ariane 4, roketi iliyotangulia. Kipande hicho kilichukua kipimo cha mwendo na kukihamishia katika nafasi isiyoweza kuchukua namba kubwa kuliko 32,767. Kwa Ariane 4 nafasi hiyo ilitosha. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, namba ikafurika, chombo kikajizima. Na chombo cha akiba, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya dharura kama hiyo, kilikuwa na programu ile ile, nacho kikajizima vile vile. Lililo chungu zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya roketi kuondoka. Lugha haikukosea. Hakuna aliyeuliza kama masharti ya chombo cha zamani yanafaa kwa chombo kipya, na swali la namna hiyo hakuna lugha inayoliuliza kwa niaba ya mtu.

Miaka ya 1980 ilileta kile kilichoitwa kizazi cha nne cha lugha. James Martin, mwandishi mashuhuri wa mambo haya, alitoa kitabu ambacho jina lake peke yake liliahidi utengenezaji wa programu pasipo waandishi wa programu. Japani nayo ilianzisha mwaka 1982 mradi wa kompyuta za kizazi cha tano, zitakazofikiri kwa lugha ya mantiki. Ukafungwa mwaka 1992 baada ya kutumia zaidi ya yen bilioni 50, ukiacha wataalamu waliofundishika vizuri na mashine ambazo soko halikuzitaka.

Jimbo la New Jersey nchini Marekani liliichukua ahadi ya kizazi cha nne kwa moyo wote, likajenga kwa lugha ya namna hiyo mfumo wake mpya wa usajili wa magari. Ulipowashwa mwaka 1985 ulikuwa mzito hata makarani wakawa wanasubiri majibu yasiyokuja, na madereva wengi wakakutwa na taarifa zisizo zao. Sehemu zilizobeba mzigo mkubwa zikabidi ziandikwe upya, na lugha iliyotumika ni COBOL, ile ile iliyokuwa ikiitwa kikongwe. Msomaji asicheke kwanza, maana jimbo hilo hilo lilirudi katika habari mwezi Aprili 2020. Ugonjwa wa korona ulipowaacha watu wengi bila ya kazi, na maombi ya posho yakamiminika, Gavana Phil Murphy alisimama hadharani akaomba watu wajitolee wanaoijua COBOL, kwa kuwa mitambo ya jimbo iliandikwa kwa lugha hiyo zaidi ya miaka 40 nyuma. Dunia ikaicheka COBOL. Lakini mwanahistoria wa kompyuta, Mar Hicks, aliandika mwaka ule ule kwamba kilicholemewa si mtambo wa zamani, bali ni tovuti ya kupokelea maombi iliyowekwa mbele yake, ambayo iliandikwa kwa lugha changa zaidi. Yule aliyeitwa kikongwe alikuwa akifanya kazi yake. Waliokosekana ni watu wa kumtunza, kwa sababu kwa miaka mingi waliambiwa kwamba hawatahitajika.

Sasa tuulize kwa nini mambo huenda hivi kila mara. Mwaka 1986 Fred Brooks, aliyepata kuongoza moja ya miradi mikubwa ya programu ya IBM, alitoa hoja kwamba ugumu wa programu ni wa namna mbili. Upo ule unaoletwa na vyombo tunavyotumia, na huo lugha bora huweza kuupunguza. Na upo ule uliomo ndani ya shughuli yenyewe, na huo hauondolewi na lugha yoyote. Hoja hiyo imejadiliwa sana tangu hapo. Sisi tutaieleza kwa jambo ambalo kila nyumba ya Kiislamu hapa Visiwani italikuta siku moja, nalo ni mirathi.

Tuchukue kwamba mwanamke amefariki. Hakuacha mtoto, wala wazazi, wala babu, wala ndugu wa kiume. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu. Dada wawili wana thuluthi mbili. Mwenye kujua hesabu za chuoni ataona mara moja kwamba nusu na thuluthi mbili zikijumlishwa zinapita kitu kizima: ni sehemu saba katika sita. Wanazuoni waliitatua mas-ala hii tangu zama za masahaba kwa kanuni ya auli, yaani mali hugawanywa sehemu saba badala ya sita, mume akapata tatu na kila dada mbili, na upungufu ukawagusa wote kwa kadiri ya haki zao. Mwandishi wa programu ambaye hakuambiwa habari ya auli ataandika nusu na thuluthi mbili kama alivyosoma, na mashine itagawa mali isiyokuwapo. Itafanya hivyo kwa COBOL, kwa Ada, kwa Java, na kwa lugha itakayotungwa mwakani.

Na tuseme ameambiwa. Marehemu aliacha shilingi 1,000,000. Mume anastahiki 428,571.43 na kila dada 285,714.29, kwa kukadiria mpaka senti iliyo karibu. Ukizijumlisha fedha hizo unapata 1,000,000.01. Ipo senti moja ambayo marehemu hakuiacha. Senti moja si kitu. Lakini mfumo unaofunga mafaili elfu kwa mwaka, na ambao hesabu zake hazilingani na za benki, mkaguzi ataukataa, na atakuwa na haki. Nani apunguziwe senti hiyo? Lazima Kadhi aseme, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iamue, na uamuzi huo uandikwe kabla fundi hajagusa mashine. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuandika amri kwa lugha hii au ile ni sehemu ndogo inayofuata baadaye. Na wala si ajabu kwamba neno linalotumika duniani kote kwa hatua za hesabu za kompyuta, algorithimu, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu mirathi na wasia. Yeye alianza na mas-ala, kisha akatafuta chombo.

Tumezungumza juu ya lugha. Viunzi vina dhara ya ziada, nayo ni umri mfupi. COBOL ina zaidi ya miaka 60 na programu zake za zamani zingali zikizunguka. Kiunzi cha kisasa kikifika miaka kumi huitwa mzee. Kampuni ya Google ilitoa AngularJS mwaka 2010, maelfu ya mifumo ikajengwa juu yake. Mwaka 2016 ikatoa kiunzi kingine kwa jina hilo hilo ambacho hakikupatana na kile cha mwanzo, na kufika mwisho wa mwaka 2021 cha mwanzo kikaachwa bila ya matengenezo. Silverlight ya Microsoft ilizaliwa mwaka 2007 na kuzikwa mwaka 2021. Hata lugha yenye sifa njema kama Python, ilipotoa toleo lake la tatu mwaka 2008, halikuweza kusoma yote yaliyoandikwa kwa toleo la pili, na kuhama kwa watu kukachukua zaidi ya miaka kumi.

Kisa cha kusikitisha zaidi kinatoka katika bara letu. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ilijenga fomu zake za kodi juu ya Flash, ambayo wakati huo ilikuwa katika kila kivinjari. Mwaka 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba Flash itakoma mwishoni mwa mwaka 2020, na kweli ikakoma. Baadhi ya fomu zilikuwa bado hazijahamishwa. Mwezi Januari 2021 mamlaka hiyo ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, kwa kazi moja tu ya kuifungua Flash ambayo dunia nzima ilikuwa imekwisha kuifunga. Hao ni watu wenye mafundi wengi na fedha nyingi kutuzidi sisi, na walipewa notisi ya miaka mitatu.

Kuhusu kupanuliwa kupita kiasi, JavaScript inatosha kuwa mfano. Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi mwezi Mei 1995, iwe lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa za tovuti. Leo inaendesha seva, simu na mifumo ya benki. Mafundi wake wamezoea kuazima vipande vidogo vidogo vya programu kutoka ghala moja la pamoja, hata kwa kazi ambayo mtu angeiandika mwenyewe kwa dakika tano. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa katika ghala hilo kipande chake cha mistari 11, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi tupu upande wa kushoto wa neno. Maelfu ya miradi duniani ikashindwa kujengwa mpaka kipande kiliporudishwa.

Tukirudi hapa kwetu, tunaijua ofisi moja, hatutaitaja, ambayo mfumo wake uliwekwa na mkandarasi wa kutoka nje ukafanya kazi vizuri kwa miaka mitatu. Mkataba ukaisha. Seva ilipobadilishwa, kiunzi kilichotumika kilikuwa kimekwisha kuachwa na wenyewe, na mfumo ukakataa kuwaka katika mashine mpya. Msimbo, yaani maandishi ya asili ya programu, haukuwapo ofisini, kwani mkataba haukuutaja. Makarani wakarudi kwenye daftari, ila daftari lilikuwa limeachwa kuandikwa tangu mfumo ulipowashwa, na kwa hiyo kuna shimo la miaka mitatu katika kumbukumbu za ofisi hiyo. Katika shimo hilo yumo mjane mmoja wa Pemba aliyeandikisha wakati huo shamba la eka tatu aliloachiwa na marehemu mumewe. Risiti anayo. Amevuka bahari mara nne, na jibu ni moja: "Njoo wiki ijayo, bi mkubwa, mfumo bado haujakaa sawa." Shamba lake lina mikarafuu, na shemeji zake wanajua kwamba jina lake halionekani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuikimbia mitambo. Nchi hii imepata kujaribu njia hiyo. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya ile ya hesabu za Wizara ya Fedha kushindwa kuleta faida iliyotarajiwa. Hasira ile ilikuwa na sababu, lakini ilituchelewesha, na vijana ambao wangejifunza wakati ule wakajifunza miaka mingi baadaye. Hatuitaki tena. Wala hatutaki vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wafundishwe kukariri kiunzi cha mwaka huu, wakatoka na vyeti vinavyochakaa kabla hawajapata ajira. Anayejua hifadhidata inavyofanya kazi, na anayeweza kukaa na karani wa ardhi mpaka akaielewa ardhi, atajifunza kiunzi chochote kwa mwezi mmoja.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 ahadi ile ya zamani imevaa kanzu mpya. Sasa ni akili mnemba: mtu ataieleza mashine haja yake kwa Kiingereza, au hata kwa Kiswahili, na programu itaandikwa. Ni ahadi ya COBOL ya mwaka 1959, neno kwa neno. Hatusemi kwamba chombo hicho hakifai. Tumewaona vijana wakikitumia, na kweli huandika kwa kasi ya kushangaza. Lakini ofisa asiyeijua auli hataiuliza, na akiletewa programu iliyoisahau hataona kilichosahauliwa. Kadiri msimbo unavyopatikana kwa urahisi ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu wa kuusoma na kusema huu si sahihi.

Kwa maofisa wanaoandaa zabuni za mwaka huu, tunayo machache ya kuomba. Mkandarasi akitaja lugha au kiunzi, aulizwe kilianza mwaka gani, nani anakitunza, na tarehe iliyotangazwa ya kukoma kwake. Na kama tarehe hiyo iko ndani ya muda wa mkataba, karatasi zake arudishiwe. Msimbo ukabidhiwe Serikali siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Kabla ya malipo ya mwisho, vijana wetu wauzime mfumo na kuuwasha upya katika mashine nyingine, mkandarasi akiwa hayupo chumbani. Fedha za matengenezo ziwekwe katika bajeti ya kila mwaka kama zinavyowekwa za mafuta ya gari. Na daftari la karatasi liendelee kuandikwa mpaka mfumo utakapopita jaribio hilo, hata makarani wakinung'unika.

Ama ile ofisi tuliyoisema, kazi yake ya kwanza haihitaji kompyuta. Yanahitajika makarani wawili, meza, daftari jipya, na tangazo redioni la kuwaita wote wenye risiti za miaka ile mitatu. Waitwe kwanza wa Pemba, na karani mmoja apelekwe Chake Chake akawaandikie huko huko, ili wasivuke bahari mara ya tano.